Kutoka Kichuguu hadi Ramani: Njia ya Mjenzi wa Kambove na Likasi

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya 1950 kundi la wasanifu majengo wa Kizungu waliofanya kazi Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, lilijulikana kwa jina la Yenga. Neno hilo ni Kiswahili. Ni kitenzi jenga kama kinavyotamkwa na wasemaji wengi wa Katanga. Kundi hilo liliongozwa na Mbelgiji Claude Strebelle, nalo ndilo lililosanifu jumba la maigizo la mji huo, lililokamilika mwaka 1956. Hivyo basi neno la watu waliofyatua na kubeba matofali likawa jina la wale waliochora ramani, wakati ambapo wenye neno lenyewe hawakuwa na njia ya kuifikia meza ya kuchorea.

Makala hii inakusudia kuifuatilia njia hiyo iliyokosekana. Eneo linalohusika ni Kambove, mji wa madini ulio kaskazini-magharibi ya Likasi kwa umbali wa kilomita zipatazo 25, pamoja na miji ya shaba inayouzunguka. Swali linaloulizwa ni moja: mtoto aliyejifunza kujenga kwa wazee wake katika eneo hili angeweza kufika wapi, na ni mahali gani hasa alipozuiwa asifikie kuwa msanifu mwenye ofisi yake? Ili jibu lipate kipimo, mwishoni patalinganishwa safari za watu wawili waliofika huko katika nchi nyingine: Beda Amuli wa Tanzania na Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ujuzi wa mikono haukupungua Katanga wakati wowote. Kilichokosekana ni vitu viwili: shule iliyoutambua ujuzi huo kuwa ni elimu, na mwenye nyumba aliyekuwa huru kumchagua mjenzi wake.

2.0 Fundi, Mwashi na Msanifu

Inafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa yamehifadhi sehemu ya historia hii. Fundi ni mjuzi wa kazi ya mikono ya aina yoyote, na jina lake liko jirani na vitenzi funda na fundisha. Fundi ni mtu aliyefundwa, na ambaye kwa zamu yake huwafunda wengine. Mwashi hutokana na kitenzi aka, yaani kujenga kwa mawe au matofali yaliyoshikanishwa. Mwashi, basi, ni fundi aliyejulikana kwa kazi moja. Msanifu ni neno lenye asili ya Kiarabu. Kusanifu ni kutunga jambo kwa mpango na ustadi, na matumizi ya msanifu majengo kwa maana ya mwenye taaluma ya kuchora ramani za nyumba yameenezwa na Kiswahili Sanifu cha karne ya 20. Huko Katanga, ambako lugha ya ofisi ni Kifaransa, neno la Kifaransa ndilo linalosikika zaidi.

Tofauti ya maneno haya si ya cheo tu. Fundi hutambulishwa na aliyemfundisha na kwa kuta alizozisimamisha. Msanifu hutambulishwa kwa cheti, na kwa haki ya kutia sahihi katika ramani ambayo serikali itaikubali. Katika ulimwengu wa fundi, masomo huanza utotoni. Mtoto huteka maji, hukanyaga udongo, hupanga matofali juani, huyapokeza kwa mtu aliye juu ya jukwaa. Baadaye huachiwa ukuta wa ndani, ambao kosa lake litafunikwa na lipu. Kazi ya kupandisha kona, inayodai timazi, pima maji na jicho lisilodanganyika, hupewa mwishoni. Anayeweza kupandisha kona amehitimu, ingawa hakuna anayemkabidhi karatasi.

Katika ulimwengu wa msanifu, mambo hayo yote hayahesabiwi. Mwanafunzi huanzia kwenye karatasi. Swali la historia ni nani aliyeruhusiwa kuanzia huko.

3.0 Udongo wa Kambove

Kabla ya kampuni za Ulaya kufika, shaba ya maeneo ya Kambove na Likasi ilichimbwa na kuyeyushwa na wenyeji, hususan Wasanga na jirani zao. Kazi hiyo ilifanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakati mito imepungua na kuni zimekauka. Mawe ya kijani ya malakite yaliokotwa na kuchimbwa, kisha yakayeyushwa katika matanuri, na shaba ikamiminwa katika umbo la misalaba ambayo ilisafiri mbali kama mali ya biashara na mahari. Kwa muda mrefu katika karne ya 19 sehemu ya biashara hiyo ilikuwa chini ya Msiri, mtawala wa Bunkeya, aliyeuawa mwezi Desemba 1891.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba matanuri hayo yalijengwa kwa udongo wa vichuguu. Mchwa wa misitu ya miombo hupandisha udongo laini kutoka chini na kuuacha mchanga mkubwa na kokoto. Vilima wanavyovijenga huweza kuzidi urefu wa mita 5, na udongo wake hunata, huvumilia moto na haupasuki upesi. Myeyushaji wa shaba alipaswa kuujua udongo huo kama alivyojua mawe yake: ukiwa na maji mengi hulegea, ukiwa na machache huvunjika, ukichomwa kwa haraka hupasuka.

Ujuzi huohuo ndio ulioingia katika ujenzi wa miji. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove. Saruji na mabati yaliweza kuja kwa treni, lakini tofali la kuchoma lilitengenezwa papo hapo, na udongo uliopendelewa mara nyingi ulikuwa wa kichuguu. Utaratibu wake umebadilika kidogo tu hadi leo. Kichuguu hubomolewa, udongo hutiwa maji na kukanyagwa, hupigwa katika kalibu ya mbao, na tofali bichi huanikwa chini ya nyasi ili lisikauke upande mmoja. Kisha matofali hupangwa kuwa tanuri lenye mapango ya kuni chini yake, nje hukandikwa udongo, na moto hukaa kwa siku kadhaa. Fundi wa tanuri huusoma moto kwa rangi yake na kwa namna rundo linavyotitia.

Miji ya shaba, kwa hiyo, ilisimama juu ya elimu ambayo hakuna chuo kilichoifundisha. Mwandishi wa hati za kampuni aliihesabu kuwa ni nguvu kazi. Aliyeifanya aliijua kuwa ni ufundi.

4.0 Nyumba za Kampuni

Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi wa migodi walitoka mbali, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na waliishi katika makambi ya vibanda ambamo maradhi na vifo vilikuwa vingi. Kuajiri watu wapya kila mara kulikuwa na gharama kubwa. Kufikia mwaka 1928 Union Minière ilikuwa imeanza siasa mpya ya kuwafanya wafanyakazi wakae. Walipewa mikataba ya miaka 3, waliruhusiwa na hata kuhimizwa kuja na wake zao, na kampuni ikachukua jukumu la makazi, chakula, hospitali na shule. Nyumba za matofali zilipangwa kwa safu, na ukubwa wake ulifuata daraja la mfanyakazi.

Haifai kuudharau ubora wa nyumba hizo. Ukuta wa matofali ya kuchoma na sakafu kavu viliokoa maisha ya watoto. Hata hivyo, siasa hiyo ilikuwa na matokeo mengine ambayo wanahistoria wa kazi hawajayatilia mkazo wa kutosha, nayo yanahusu elimu ya ujenzi.

Kwanza, nyumba ilikuwa ya kampuni. Aliyepoteza kazi alipoteza paa pia. Mkazi hakuwa na mamlaka ya kuhamisha mlango, kuongeza baraza au kuchagua upande wa dirisha. Mwashi aliyejenga nyumba hizo hakukutana na mwenye nyumba, kwa kuwa mwenye nyumba hakuwapo. Lilikuwapo shirika lililotuma ramani moja kwa nyumba mamia. Mazungumzo yanayomfundisha fundi kufikiri kama msanifu, yaani familia ina watu wangapi, upepo unatoka wapi, mgeni atapokelewa wapi, mzee atalala wapi, hayakuwa na nafasi.

Pili, mtoto wa kambi alikosa darasa ambalo mtoto wa kijijini alikuwa nalo. Kijijini mwanamume aliyeoa alijenga nyumba yake kwa msaada wa ndugu, na watoto walikuwa wasaidizi. Nyumba ilipobomoka baada ya masika machache, darasa lilifunguliwa upya. Katika kambi mtoto alizaliwa ndani ya nyumba iliyokwisha, na baba yake alikuwa mgodini au kiwandani. Kampuni ilimpa ukuta imara zaidi, lakini ikaondoa mbele ya macho yake kazi ya kuusimamisha.

Tatu, shule za wakati huo zilijaza pengo hilo nusu. Wasalesiani, waliofika Katanga mwaka 1911, waliendesha mafunzo ya ufundi, na Kafubu ni mojawapo ya vituo vyao vilivyojulikana. Shule za kambi zilikuwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki, miongoni mwao Wabenediktini. Wavulana walifundishwa useremala, uashi na kazi za karakana. Walijifunza kuisoma ramani ili waifuate. Kuitunga ramani lilikuwa somo jingine, nalo halikuwa lao.

5.0 Kiwanja, Mkopo na Sahihi

Mabadiliko ya kwanza hayakutoka kwa kampuni bali katika mitaa ya Waafrika iliyokuwa chini ya serikali. Kuelekea mwaka 1950 Ferdinand Grévisse, aliyekuwa msimamizi wa kiserikali Elisabethville, aliendeleza utaratibu ambao mkazi alipewa kiwanja na mkopo wa vifaa, kisha akajenga mwenyewe au akamwajiri fundi, chini ya uangalizi wa wataalamu. Mitaa ya Katuba na Ruashi ilikua kwa njia hiyo. Mwaka 1953 amri ya kikoloni ilifungua mlango wa Wakongo kumiliki ardhi na nyumba kwa jina la mtu binafsi.

Kwa mwashi wa Katanga jambo hili lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana katika hati. Kwa mara ya kwanza mjini alikutana na mtu mwenye kiwanja, mwenye fedha kidogo, na mwenye haki ya kusema anataka nini. Fundi aliyewahi kulipwa kwa siku akawa mtu wa kupatana bei. Aliajiri vijana wake, alikadiria matofali na mabati, alibeba hasara ya makosa yake. Huo ulikuwa uhuru wa kazi, ingawa ulikuwa na mpaka: ramani za mfano ziliendelea kutolewa na ofisi, na sahihi ilibaki kuwa ya Mzungu.

Uhuru wa nchi mwaka 1960 ungetarajiwa kuuondoa mpaka huo. Mwaka 1961 taasisi ya kitaifa ya majengo na kazi za umma ilianzishwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Lakini wakati huo Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai 1960, na utengano huo haukumalizika hadi Januari 1963. Kijana wa Kambove aliyetaka kuitoka kalibu na kuingia darasani alikuta mlango umefunguliwa katika upande wa pili wa nchi, tena nyuma ya mstari wa vita. Hata baada ya amani, safari ilikuwa ndefu na gharama zake zilizidi uwezo wa familia nyingi za wachimbaji.

Mali za Union Minière zilitaifishwa mwaka 1967, na kampuni ya serikali iliyozirithi ikaja kujulikana kwa jina la Gécamines. Urithi huo ulijumuisha makambi pamoja na desturi yake: kampuni hujenga, mfanyakazi hukaa. Desturi hiyo ilidumu hadi nguvu za kampuni zilipokwisha. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka vibaya katika miaka iliyofuata, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Familia zilizokuwa zimezoea kupewa nyumba zilirudi kwenye kichuguu. Katika viunga vya miji ya Katanga matanuri ya matofali yaliongezeka, na watoto wakaonekana tena wakibeba udongo. Safari hii, hata hivyo, wengi walibeba kwa sababu ya njaa, na miombo iliyokuwa ikilisha moto wa matanuri ikazidi kurudi nyuma.

6.0 Njia Mbili Zilizofika

Ili kuona kwamba mkatiko huo haukuwa majaliwa, yafaa kutazama nje ya Katanga.

Beda Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938, hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kufungua ofisi yake ya usanifu majengo. Alisoma Haifa, Israeli, akafanya kazi na wasanifu wa Kiisraeli waliokuwa na ofisi Dar es Salaam, na mwaka 1969 akaanza kazi kwa jina lake. Kazi yake inayojulikana zaidi ni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake linashikwa na nguzo za zege zilizotanda juu kama miavuli, na maji ya mvua huteremka kutoka huko hadi kwenye hifadhi iliyo chini ya ardhi. Soko hilo liliungua mwezi Julai 2021. Katika safari ya Amuli, kiungo kilichokosekana Katanga kilitiwa na taifa jipya: Tanzania ilihitaji majengo ya umma na ilikuwa tayari kumkabidhi kazi kubwa msanifu wake mwenyewe.

Safari ya Diébédo Francis Kéré ilikuwa tofauti. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, akiwa mwana wa mkuu wa kijiji, na akawa mtoto wa kwanza wa hapo kupelekwa shule. Alikuwa na umri wa miaka 7 alipoondoka nyumbani kwenda Tenkodogo, akasoma katika chumba chenye joto kali kilichosongamanisha watoto zaidi ya 100. Amewahi kueleza kwamba hisia yake ya kwanza ya usanifu ilitokana na chumba cha bibi yake, ambamo watoto walikaa wamebanana kusikiliza hadithi katika mwanga mdogo. Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala. Akasoma shule za jioni, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin.

Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1998, alianzisha chama cha kuchangia shule ya Gando, na shule hiyo ikakamilika mwaka 2001. Wanakijiji walishangaa aliposema itajengwa kwa udongo, kwa kuwa waliwahi kuona kuta za udongo zikimomonyolewa na mvua. Kéré aliutia udongo saruji kidogo, akautengeneza kuwa matofali yaliyoshindiliwa, akajenga dari ya matofali yenye matundu, na juu yake akainua paa la bati mbali na dari ili hewa ya moto itoke na mvua isifikie kuta. Wanaume, wanawake na watoto walifanya kazi pamoja, na wanawake waliishindilia sakafu kwa ustadi waliokuwa nao tangu zamani. Mwaka 2004 alihitimu, na shule hiyo ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mwaka 2005 alifungua ofisi yake Berlin. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker.

Katika kisa hiki utaratibu wa kawaida ulipinduliwa. Jengo lilitangulia cheti, na mwenye jengo, yaani kijiji, alitangulia ofisi. Ulaya ilimpa Kéré hesabu na haki ya sahihi. Gando ilimpa swali la kujibu na watu wa kulijibu pamoja naye. Inafaa pia kukumbuka kwamba mwaka 2021 alikamilisha kituo cha vijana wa teknolojia katika Turkana, Kenya, ambacho minara yake ya kupitishia hewa imeigiza vichuguu vya mchwa. Umbo ambalo Katanga huligeuza kuwa tofali, yeye alilisoma kuwa ramani.

7.0 Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba kutoka utoto wa kujenga hadi ofisi huru si suala la kipaji peke yake. Amuli alipata taifa lililomwagiza. Kéré alipata kijiji kilichomwamini, na alipokikosa chombo cha fedha akakiunda. Mtoto wa Kambove alikuwa na udongo bora kuliko wa Gando na mapokeo ya moto yaliyozidi umri wa koloni. Aliyemsimamia, hata hivyo, alimhitaji kama mkono, na nyumba alizozijenga hazikuwa na mwenyewe wa kuzungumza naye. Kwa muda mfupi Katuba na Ruashi zilionyesha nini kingewezekana pale mwashi na mwenye kiwanja walipokutana.

Funzo kwa vyuo vya leo liko wazi. Mwanafunzi wa usanifu anayetoka katika familia ya wafyatua matofali huingia darasani akiwa na elimu ambayo mtaala hauiulizi: namna kichuguu kinavyochaguliwa, kwa nini tofali huanikwa kivulini, tanuri linakula kuni kiasi gani, na ukuta huanza kufa upande gani. Maarifa hayo hutajwa kwa Kiswahili cha Katanga, na mtihani huandikwa kwa Kifaransa. Katika nafasi iliyo kati ya lugha hizo mbili, mengi hupotea. Kukusanya msamiati wa wafyatua matofali, waashi na wachomaji wa tanuri wa Kambove na Likasi ni kazi ya wanaisimu kama ilivyo ya wasanifu, na inafaa ifanyike wakati mafundi wazee waliojenga makambi na mitaa hiyo bado wanaweza kueleza walichokijua.